Goti la Bi Upawa

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, Bi Upawa alijifunga kilemba, akanywa chai ya moto bila kukaa, akatoka kwenda kuwasaidia wazee. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sabini na minne. Wengi wa wazee hao walikuwa wadogo kwake. Wapo hata ambao angeweza kuwabeba mgongoni walipokuwa wachanga, kama wangezaliwa mtaa mmoja. Lakini jambo hilo halikuwa likisemwa. Aliyewahi kulisema mbele yake alikatwa jicho moja tu, akalimeza neno lake pamoja na mate.

"Uzee si miaka," Bi Upawa alikuwa akisema. "Uzee ni kukaa kitako ukiletewa."

Na yeye kukaa kitako hakujui. Maisha yake yote ya kazi alipika katika shule ya bweni ya wasichana, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Jina la Upawa alipewa na wasichana wale, maana upawa ulikuwa haumtoki mkononi: aligawa nao, alielekeza nao, na mara mojamoja alimgongea nao mtu vidole vilivyojipeleka kwenye nyama kabla ya zamu. Alipostaafu wakubwa walimpa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Akajaribu kupumzika nyumbani. Akapanga vyombo, akavipangua, akagombana na jirani, akapatana naye, akaona bado hata saa sita haijafika. Wiki iliyofuata akaenda kituo cha wazee, akaikuta aproni imetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, akaivaa. Hakuna aliyemwajiri, na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Kituo chenyewe kilikuwa jengo refu la matofali, lenye madirisha juu sana kama vile waliojenga waliogopa wazee wataruka nje. Ndani mlikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki, na kona yenye pazia ambamo nesi alikuwa akija kupima presha na sukari. Mtu akishafikisha umri alipata hapo chakula cha mchana, miwani, fimbo, kadi ya kupanda basi bila nauli, na kila Jumatano mtaalamu wa viungo alikuwa akija kuwanyoosha magoti na migongo. Vyote bure. Chakula kilipikwa na mpishi wa kuajiriwa, mtu mnene asiyependa maneno. Waliojitolea, kama Bi Upawa, kazi yao ilikuwa kugawa.

Siku ya kwanza kabisa aliwakuta wazee wamepanga foleni mbele ya sufuria, kila mtu na sahani yake kifuani. Moyo ukamlipuka.

"Hii ni nini? Nimepangisha watoto foleni mpaka nikachoka, sasa nije nipangishe na baba zao? Mtu mzima hapangi foleni. Kaeni!"

Wakakaa. Tangu siku hiyo kila sahani ilipelekwa mezani, mkononi mwa Bi Upawa, moja baada ya nyingine, mpaka meza ya mwisho kabisa kule karibu na choo. Akaona amewarudishia wazee heshima yao. Wazee hawakusema kitu. Nani angesema?

Sasa, nyumbani kwake alikuwa akikaa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, na huyo alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Wifi alipofikisha umri hakulia wala hakuficha. Alijipaka mafuta, akavaa gauni jipya, akaenda kituoni kama anayekwenda harusini. Akachukua kadi ya basi. Akachukua blanketi. Akachukua miwani ya kusomea, na alipotolewa mtoto wa jicho akachukua na ile miwani mikubwa myeusi ya kukinga jua. Fimbo alikuwa nazo tatu.

"Fimbo tatu na miguu miwili, wifi?" Bi Upawa aliuliza.

"Moja ya kuendea, moja ya kurudia, moja ya kufukuzia kuku wa jirani."

"Huoni hata haya."

"Haya za nini? Nimelipa kodi tangu sijaota hata meno ya utu uzima." Wifi akavuta blanketi lake mabegani ingawa jua lilikuwa linapasua. "Wewe ndiye wa kuonewa huruma. Basi unalipa nauli. Ukisoma maandishi unanyoosha mkono kama unamsukuma mtu asikukumbatie. Na goti hilo..."

"Goti gani?"

"Goti gani! Wifi, usiku ukigeuka kitandani nalisikia mimi chumba cha pili. Linalia kama mlango wa stoo."

"Ni kitanda hicho."

"Basi kitanda kina baridi yabisi. Kipeleke kwa mtaalamu Jumatano."

Bi Upawa alijifanya hamnazo, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Lakini maneno yalimkaa, maana goti la kulia kweli lilikuwa limemkalia kooni. Asubuhi lilikuwa gumu kama kuni. Likichangamka kidogo, linaanza kuuma, akilipumzisha, linakakamaa. Na mara nyingine, bila taarifa, lilijikata tu katikati ya hatua kama vile halikuwa lake. Angeweza kwenda kwa mtaalamu. Ila mtaalamu alikuwa akiwanyoosha watu bwaloni, kwenye mikeka, mbele ya macho ya kila mtu. Bi Upawa alale pale chini, mguu juu, mbele ya watu anaowaambia kila siku wasimwage mchuzi? Afadhali goti life kiume.

Kwa hiyo akabuni njia. Akiwa amebeba trei kwa mkono mmoja, mkono wa pili aliuweka begani kwa mzee aliyekaa karibu. "Hujambo, mwenzangu? Mgongo je?" Hatua mbili, bega lingine. "Na wewe, mama, wajukuu wazima?" Hivyo hivyo, bega kwa bega, mpaka meza ya mwisho. Wazee waliguswa sana mioyoni. Walisema Bi Upawa ana mdomo mkali lakini moyo wake mzuri, tazama anavyotushika mabega kama ndugu zake. Kumbe mwenzao alikuwa ananing'inia.

Mambo yangeendelea hivyo, kama si uji. Mama mmoja wa kujitolea, si mzee hata kidogo, alikuwa anaongea na simu huku anabeba uji, akammwagia mtu mapajani. Aliyemwagiwa alikuwa askari mstaafu, na yowe lake lilifika mbali. Wakubwa wa ustawi wa jamii wakaleta agizo. Msimamizi wa kituo, mwanamke mpole anayesema kila kitu kama anaomba radhi, akawakusanya wanaojitolea jikoni.

"Jamani, samahanini sana. Ijumaa ya wiki ijayo nesi atawaangalia wote mnaobeba vya moto. Mtu atachukua trei yenye vikombe vilivyojaa, atoke jikoni mpaka mwisho wa bwalo. Asiyeweza, si kosa lake, ila hatabeba tena." Akamgeukia Bi Upawa, akatabasamu. "Wewe mama hata usiwe na wasiwasi. Na hata ikitokea, nafasi yako mezani ipo. Umri unaruhusu."

Yeye alidhani anamfariji. Bi Upawa alisikia kama anasomewa hukumu. Nafasi mezani! Avue aproni, akae kati ya wifi na yule askari, asubiri kuletewa. Usiku ule hata wifi hakusikia goti, kwa sababu mwenye goti hakugeuka. Alilala macho wazi akitazama dari.

Ni wifi huyo huyo aliyempa upenyo, bila kujua. Wifi alikuwa na taarifa za kila cha bure katika mji ule. "Ng'ambo ya reli," alisema akichambua mboga, "wana kituo chao. Nasikia mtaalamu wao wa viungo ana mikono ya dhahabu. Anakuja Jumanne. Mie ningeenda, ila chai yao eti nyepesi."

Ng'ambo ya reli! Huko nani amjue? Jumanne Bi Upawa akaaga kwamba anakwenda sokoni. Akachukua kimyakimya ile miwani mikubwa myeusi ya wifi, akashusha kilemba mpaka kwenye nyusi, akatoka. Nyuma yake alimsikia wifi akipekua: "Miwani yangu iko wapi? Nani kachukua miwani yangu? Kuku?"

Miwani ile ilimfanya aone dunia yote kama imepikwa na masizi. Alijikwaa kwenye kizingiti cha kituo kile, akamsalimia kabati, ndipo akamkuta mtaalamu. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye viganja vipana, na hakuwa na maneno mengi. Akamlaza kwenye kitanda nyuma ya pazia, Mungu si wa mmoja, angalau hapa palikuwa na pazia, akalikunja goti, akalikunjua, akalisikiliza.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nakaa tu."

"Goti la kukaa tu haliwi hivi."

"Nakaa sana."

Mtaalamu akacheka kimoyomoyo, mabega ndiyo yaliyomsaliti. Akamwonyesha namna ya kuunyanyua mguu umenyooka na kuushusha polepole, akamfundisha kukaza paja. Akamwambia ukweli bila kuuzungusha: goti limechakaa, halitarudi kuwa la msichana, lakini akilifanyia mazoezi na kulipunguzia mzigo litamfikisha mbali. Akiendelea kubeba vitu vizito na kutembea navyo, litamwangusha siku asiyoitaka. "Baada ya mazoezi kaa pale, unywe chai. Usiondoke mbio."

Bi Upawa akakaa. Ilibidi. Na alipokuwa amekaa, mikono mapajani, akiwa hana la kufanya kwa mara ya kwanza baada ya miaka na mikaka, kikombe kikatua mbele yake. Kilitua vizuri. Hakikugonga, hakikumwaga hata tone, na mpini ulielekezwa upande wa mkono wake wa kulia. Bi Upawa hujua kazi akiiona. Akainua macho amsifu mhudumu.

Mbele yake, amevaa aproni ya maua, kitambaa cheupe begani, alisimama Mzee Dakika.

Mzee Dakika alikuwa fundi saa mstaafu, na kule kituoni kwa Bi Upawa alikuwa mtu wa meza ya pili, kiti cha pembeni, bingwa wa kulalamika. Chai ikichelewa kidogo alikuwa akigonga kioo cha saa yake kwa kucha. Kikombe chake hakuwahi hata kukisogeza. Alikuwa akikiacha hapo hapo kiondolewe.

Wakatazamana. Yaani walitazamana mpaka chai ikaanza kupoa.

"Miwani ya wifi yako hiyo," Mzee Dakika alinong'ona.

"Na aproni hiyo ya nani?"

"Shh! Bi Upawa, nakuomba. Nakuomba kwa heshima yote." Akachutama karibu na kiti chake, uso ukimvuja jasho. "Mke wangu asijue."

"Asijue nini? Unaiba?"

"Naosha vikombe."

Bi Upawa akavua miwani ili amwone vizuri.

"Nilikuja huku siku moja kurekebisha saa yao ya ukutani," Mzee Dakika akaeleza haraka haraka. "Wakanipa chai, mhudumu hakuwepo, nikaosha kikombe changu. Nikaona raha. Nikaosha na cha mwenzangu. Unajua, tangu nifunge duka vidole vyangu vilikuwa vimekosa kazi. Sasa nakuja kila Jumanne na Alhamisi. Mke wangu anadhani nacheza bao."

"Kwa nini usimwambie?"

"Nimwambie!" Mzee Dakika alishika kichwa. "Mama, nimemwoa yule nikiwa kijana. Mpaka leo anajua mikono yangu haiwezi kitu zaidi ya saa. Akijua naweza kuosha kikombe, atataka nioshe sahani. Akijua naweza sahani, kuna masufuria. Nimekwisha!"

Bi Upawa alicheka mpaka goti likamkumbusha lipo. Ndipo Mzee Dakika naye akalitazama lile goti, limefungwa kitambaa cha maji moto, na akaelewa kila kitu bila kuambiwa. Fundi saa anajua kinachokwama.

"Hivyo yale mabega..." alisema taratibu. "Ukinishika begani siku zote..."

"Nyamaza."

"Mimi nilidhani unanipenda."

"Nyamaza, nimesema! Mimi sikukuona, wewe hukuniona. Na chai yenu kweli nyepesi."

Wakaagana kama majambazi. Tangu siku hiyo Bi Upawa alifanya mazoezi chumbani mlango umefungwa, mguu juu, mguu chini, akimwambia wifi anasali. Wifi akasema sala hiyo ina pumzi nyingi. Goti lilipata nafuu, si uongo. Alhamisi jioni alizunguka uani na ndoo ya maji mkononi bila kushika ukuta, akajiona mshindi. Alimrudishia wifi miwani yake, akaificha chini ya blanketi ili ionekane wifi mwenyewe ndiye aliyeisahau hapo.

Ijumaa ikafika. Bwalo lilijaa kuliko siku zote, maana watu hawakutaka kukosa. Alikuwepo wifi mstari wa mbele, fimbo moja mkononi, nyingine kaiegesha. Alikuwepo yule askari, amekaa mbali na kila kitu cha moto. Alikuwepo Mzee Dakika na mkewe, mwanamke mrefu mkavu mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Wenzake Bi Upawa walipita mmoja mmoja na trei zao, wakapigiwa makofi. Nesi akaita, "Bi Upawa!"

Akainua trei. Vikombe vimejaa mpaka ukingoni. Akatoka mlango wa jikoni, akainua macho.

Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani. Msimamizi mpole, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameacha katikati peupe ili watahiniwa wapite kwa raha. Sakafu tupu toka mlangoni mpaka choo. Hakuna kiti. Hakuna mgongo wa mtu. Hakuna bega hata moja.

Akapiga moyo konde, akaenda. Hatua za mwanzo zilikuwa nzuri, hata wifi akapiga kigelegele. Chai ilitikisika ikatulia. Alifika katikati, na hapo katikati, bila sababu, bila hodi, goti likajikata.

Hakuanguka. Alisimama wima kama nguzo, mguu mmoja ukifanya kazi ya miwili, trei mbele, uso mkavu. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Vikombe vikaanza kugongana, ting, ting, ting. Nesi akasimama kutoka kwenye kiti.

Kabla nesi hajapiga hatua, Mzee Dakika alikuwa ameshafika. Hakuna aliyemwona akiinuka. Akaitoa ile trei mikononi mwa Bi Upawa kwa kiganja kimoja, akaipandisha juu ya bega, akazunguka kwa kisigino, akaenda mpaka meza ya mwisho na kushusha vikombe kimoja kimoja, mpini upande wa kulia, pasipo kumwaga tone. Kisha, kwa mazoea tu, jamani, mazoea ni adui, akachomoa leso mfukoni, akaitupia begani, akaanza kukusanya vikombe vitupu.

"Baba watoto!"

Sauti ile iligonga ukuta ikarudi. Mzee Dakika akaganda na vikombe vinne vikining'inia kwenye vidole vyake.

"Baba watoto," mkewe alirudia, akiinuka polepole mpaka urefu wake wote. "Mikono hiyo umeitoa wapi?"

"Mikono ipi, mama?"

"Hiyo inayobeba vikombe vinne! Mimi nyumbani nikikuomba maji ya kunywa unaniambia hujui bilauri zilipo!"

Bwalo zima likaangua kicheko. Watu walishika mbavu, wifi alipiga fimbo sakafuni, hata yule askari alisahau mapaja yake. Mkewe Mzee Dakika akaja katikati kidole mbele, Mzee Dakika akirudi nyuma akijibu hili na lile, mara bao, mara saa ya ukutani, na nesi mwenyewe alikuwa amejiinamia anafuta machozi. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anamtazama Bi Upawa.

Na goti, sijui kwa dhihaka gani, likaachia. Alilisikia likirudi mahali pake. Mlango wa jikoni haukuwa mbali. Angeweza kugeuka taratibu, akaingia, akatoka na trei nyingine akicheka pamoja na wenzake, aseme alisimama tu kumpisha mzee wa watu afanye kichekesho chake. Aproni yake ingebaki kiunoni. Aliupima mlango kwa jicho. Kisha akamtazama Mzee Dakika, amebanwa kwenye ukuta na vikombe vyake, bado hajasema hata neno moja juu ya ng'ambo ya reli wala kitambaa cha maji moto.

"Shemeji, mwache," Bi Upawa akasema.

Sauti ya mtu aliyenyamazisha mabweni haihitaji kurudiwa. Bwalo likatulia.

"Mwache mumeo. Alikuwa ananistahi mimi. Goti langu limekwisha." Akalionyesha kwa kidole. "Limekwisha siku nyingi. Nimekuwa nikiwashika mabega yenu nisianguke. Si upendo. Basi, si upendo peke yake. Ningewaunguza siku moja."

Akafungua fundo la aproni kiunoni. Lilimshinda, akalivuta kwa hasira, likafunguka. Hakujua aiweke wapi.

Hapo wifi akainuka.

"Sawa, tumesikia, pole sana wifi yangu," alisema akijikokota na fimbo yake. "Lakini chakula kinapoa. Mie naenda kujipakulia."

Na akaenda. Sufuria kubwa ya wali ilikuwa mezani mlangoni mwa jikoni. Wifi akachungulia ndani, akapiga ukelele kana kwamba ameona almasi.

"Ukoko! Jamani, kumbe upo ukoko! Mwekundu!"

Ungeona wazee wanavyoinuka. Watu ambao Bi Upawa aliapa hawawezi kutembea mpaka kwenye sufuria walifika kabla ya wenye miguu mizima. Kila mmoja na sahani yake kifuani.

"Miaka yote hii natamani kuichungulia sufuria," alisema askari. "Unaletewa tu, hujui kilichobaki."

"Mie magoti yangu hukakamaa kwa kukaa," alisema mwingine. "Nilikuwa natamani hata kutumwa."

"Na mbona hamkusema?" Bi Upawa aliuliza, mdomo wazi.

Wakatazamana. Jibu lilikuwa limesimama hapo hapo katikati ya bwalo, mikono kiunoni.

Huku mbele mambo yalikuwa yameshaharibika. Wifi alikuwa amejipakulia kilima. Aliyemfuatia naye hakutaka kupitwa. Mpishi alitoka akasema kwa mwendo huu watu wa mwisho watakula harufu. Ugomvi mdogo ukaanza juu ya ukoko, watu wawili wanauvuta huku na huku, na mmoja wao hana meno.

Bi Upawa alivumilia mpaka alipoona sahani ya pili ya wifi. Hapo akachechemea mpaka kwenye sufuria, akamnyang'anya upawa.

"Rudisha nusu."

"Wifi, si umestaafu sasa hivi?"

"Rudisha!"

Wifi akarudisha. Foleni ikanyooka yenyewe. Bi Upawa akakata ukoko vipande vya kumfikia kila mtu, kila sahani upawa mmoja na robo, mwenye kidonda cha tumbo mchuzi zaidi, mwenye sukari wali kidogo na mboga nyingi. Alikuwa hajafika mbali aliposikia kitu kigumu kikimgusa nyuma ya mapaja. Msimamizi alikuwa ameleta stuli ndefu kutoka ofisini kwake.

"Samahani, mama. Agizo linasema kutembea na vya moto. Halijasema chochote juu ya kukaa navyo."

"Sitaki kukaa."

"Basi egemea," msimamizi alisema, na safari hii hakusema kama anayeomba.

Bi Upawa akaegemea. Kuegemea kukawa kukaa nusu, na kukaa nusu kukawa kukaa. Kutoka pale juu ya stuli aliwaona wote vizuri kuliko alivyowahi kuwaona, nyuso zao badala ya mabega. Msimamizi akaichukua ile aproni kando ya sufuria, akamfunga tena kiunoni. Bi Upawa akajifanya hajaona.

Sahani ya mwisho ilipopita, sufuria ilikuwa imebaki na ya mtu mmoja. Mkewe Mzee Dakika, ambaye tangu pale hakuwa amemwondolea mumewe jicho, alinyoosha kidole.

"Baba watoto. Mpelekee mama wa watu chakula mezani. Nataka kuangalia tena."

Mzee Dakika akaleta. Kitambaa begani, sahani kwenye kiganja, kijiko upande wa kulia. Wifi akavuta kiti. Bi Upawa akatazama huku na huku, akakosa kisingizio, akakaa. Miaka yote ile katika kituo kile hakuwahi kutia tonge mdomoni. Alikuwa akila nyumbani, baadaye, amesimama. Akachota. Akatafuna. Akakunja uso.

"Mbona chakula hakina chumvi?"

"Tulisema!" bwalo zima likaitika.

"Mlimwambia nani?"

"Wewe! Ukatuambia tushukuru!"

Nesi akasogea, kifaa chake cha presha kikining'inia shingoni. "Ni kwa makusudi, mama. Wengi wao wana presha."

Bi Upawa akatafuna tena, akimfikiria nesi, akiifikiria sahani.

"Na mimi ninayo?"

"Nitajuaje? Hujawahi kunipa mkono."

Wifi alikuwa amefungua mdomo aseme jambo. Akaufunga, na huo ulikuwa wema mkubwa sana kwa mtu kama wifi. Bi Upawa akapandisha mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akaulaza mkono wa kushoto mezani, na wa kulia ukaendelea na kijiko.

"Pima basi," akasema. "Ila usinikatize. Nakula."